Namna ya kucheza Phantasmagoria leo: mwongozo kwa watu wazima

Mwaka 1995, wakati kompyuta nyingi za nyumbani zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuwekewa kisomeo cha CD, kampuni ya Sierra On-Line ya Marekani ilitoa gemu iliyojaza CD saba. Ndani yake mlikuwa na waigizaji wa kweli waliopigwa picha za video, wanatembea, wanagombana, wanalia, na mchezaji ndiye anayeamua mwanamke aliye kwenye skrini aingie chumba gani na afungue mlango upi. Gemu hiyo inaitwa Phantasmagoria. Aliyeibuni ni Roberta Williams, mama ambaye hadi wakati huo alijulikana zaidi kwa King's Quest, hadithi za wafalme na mazimwi zilizochezwa na familia nzima. Safari hii aliwaandikia watu wazima.

Nimeicheza zaidi ya mara moja na bado naipenda. Nimeona pia watu wanaoijaribu sasa wakikwama sehemu mbili. Wengine inagoma kabisa kufunguka kwenye kompyuta mpya. Wengine inafunguka vizuri, ila baada ya nusu saa wanaifunga na kusema inachosha. Kundi la kwanza nitalisaidia kwa maelekezo ya kompyuta. Kundi la pili nitalisaidia kwa kulionyesha mahali pa kutazama, kwa sababu gemu hii ukiikimbiza hutapata chochote.

Kwanza ujue unaingia wapi

Adrienne ni mwandishi wa riwaya. Mumewe, Don, ni mpiga picha. Wamenunua jumba kubwa la zamani kwenye kisiwa, upande wa New England, lililokuwa mali ya mwanamazingaombwe wa karne ya kumi na tisa aliyeitwa Carno. Carno alioa wake watano mfululizo, na wote waliishia pabaya. Kuna kitu kimefungiwa ndani ya jumba hilo. Adrienne anakifungulia bila kujua, na kinamwingia Don.

Wapo wanaoicheza kwa sababu ya pepo na damu. Damu ipo, na ipo nyingi: vifo vya wale wake vinaonyeshwa kinagaubaga. Lakini kwangu moyo wa gemu hii ni ndoa inayogeuka hatari siku hadi siku, mbele ya mke ambaye kila asubuhi anajipa sababu ya kuvumilia. Katikati ya hadithi kuna tukio ambapo Don anambaka Adrienne. Nalitaja wazi ili mtu ambaye jambo kama hilo limewahi kumgusa, yeye au mtu wake wa karibu, aamue mapema kama ataendelea. Asije akakutana nalo usiku, peke yake, bila kutarajia.

Tukio hilo, pamoja na ule ukatili, vilileta kelele kubwa wakati ule. Australia ilikataa kuipa gemu daraja la kuuzwa, na duka kubwa la kompyuta la Marekani, CompUSA, lilikataa kuiweka rafuni. Nchini Marekani ilipewa alama ya M, ya watu wakubwa. Kwa hiyo usiicheze sebuleni watoto wakiwa macho. Kama kompyuta ni ya familia, ifungulie akaunti yako yenye neno la siri na uiweke gemu humo.

Kuipata

Njia iliyo rahisi na halali ni kuinunua kwenye duka la mtandaoni la GOG. Toleo lao limeunganisha CD zote saba, kwa hiyo hakuna kubadilisha diski kila sura kama tulivyofanya zamani. Kabla ya kulipa, piga hesabu ya bando. CD moja ya wakati ule ilibeba takriban megabaiti 650, na hapa zilikuwa saba. Tenga gigabaiti tano za nafasi, na usianze kupakua kwa bando la siku linaloisha saa sita usiku. Kama kuna Wi-Fi ya kuaminika kazini au kwa rafiki, pakulia huko uhamishie kwenye flashi.

Kama una CD za asili, bado zinafaa. Fungua folda moja kwenye kompyuta na unakili ndani yake faili za gemu kutoka kila diski. Utaona faili zinazoanza na RESMAP na RESSCI zikiwa na namba mwishoni. Hakikisha namba zote, kuanzia 1 hadi 7, zimo. Ikikosekana moja, sura yake haitafunguka, na utakuja kuligundua hilo ukiwa umeshafika mbali.

Kuifungua kwa ScummVM

Toleo la GOG linakuja na programu yake ya kuiendesha kwenye Windows, na kwa wengi hiyo inatosha. Mimi nashauri ScummVM. Ni programu ya bure inayoelewa mafaili ya gemu za zamani moja kwa moja, na tangu toleo la 2.0 la Desemba 2017 inaendesha gemu za Sierra za miaka hii ya video. Inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, na hata simu za Android.

Pakua ScummVM kutoka tovuti yake yenyewe na uisakinishe. Ukiifungua utaona kitufe cha kuongeza gemu. Kibofye, uielekeze kwenye folda yenye zile faili za RESMAP na RESSCI, kisha ukubali. Ikiitambua italiandika jina la Phantasmagoria lenyewe. Ikisema haioni gemu, mara nyingi umechagua folda ya nje badala ya ile ya ndani yenye faili. Rudi, ingia hatua moja ndani, ujaribu tena.

Kwa wenye simu: isakinishe gemu kwanza kwenye kompyuta ya Windows, kisha nakili folda nzima kwenye kadi ya simu na uielekeze ScummVM ya simu huko. Kwa kuwa gemu nzima inachezwa kwa kubofya tu, kidole kinatosha. Hata hivyo skrini ndogo inakunyima nyuso, na nyuso ndizo utakazohitaji kuzisoma.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya gemu ndani ya ScummVM. Utakuta chaguo tatu za kufikiria.

La kwanza linahusu mistari myeusi ya video. Mwaka 1995 video zilionyeshwa mstari mmoja wa picha, mmoja mweusi, ili picha ndogo ionekane kali zaidi. Unaweza kuiacha mistari hiyo au kuiondoa. Mimi huiondoa, kwa sababu kwenye skrini ya kisasa inaumiza macho. La pili ni la kulainisha video inapokuzwa. Liwashe. La tatu ni mchujo wa ukatili, ambao Sierra wenyewe waliuweka ndani ya gemu, zamani ukifungwa kwa neno la siri. Ukiuwasha, picha kali zaidi zinafichwa. Hakuna aibu kuuwasha: hadithi haipotei, na mafumbo ni yale yale. Ila usiamini kwamba mchujo huo unaifanya gemu ifae watoto. Haifai.

Neno kuhusu lugha. Mazungumzo ni ya Kiingereza na gemu haikuwekewa maandishi chini ya picha. Vaa hedifoni. Sauti za wazi zinakusaidia kufuata maneno, na pia zinakupa muziki. Wimbo wa mwanzo uliimbwa na kwaya ya watu 135 kwa mtindo wa nyimbo za watawa wa kale, na ukiusikia kwenye spika ndogo za kompyuta umeukosa.

Kuijua skrini

Gemu za kwanza za Sierra zilikutaka uandike amri kwa kibodi. Hapa una mshale mmoja tu. Upitishe polepole juu ya picha. Ukibadilika, hapo pana kitu cha kugusa au pa kwenda. Ukibofya, Adrienne anatembea mwenyewe.

Chini ya picha kuna ukanda wa mawe wenye vishimo vya kuwekea vitu unavyookota. Pembeni kuna alama ya jicho: chukua kitu kutoka kishimoni, kiweke juu ya jicho, na utakiona kwa karibu, mara nyingine kwa kukizungusha. Wengi husahau jicho hilo halafu wanalalamika kwamba hawajui kitu fulani ni cha kazi gani. Kuna kitufe cha kurukia video mbele. Nakusihi usikiguse mara ya kwanza unapoona tukio. Kitunzie siku unaporudi chumba ulichokwisha kukiona, maana Adrienne hufungua kila mlango kwa taratibu zake zile zile.

Na kuna fuvu jekundu. Hilo ndilo la msaada. Ukilibofya linakudokezea kwa sauti jambo la kufanya sasa. Mimi nasema litumie bila kujilaumu, ila baada ya kuzunguka vyumba vyote kwanza.

Ukitaka kuacha, toka kupitia menyu ya gemu yenyewe. Usiifunge tu dirisha wala kuzima kompyuta. Unapoanza upya, gemu inakuruhusu pia kuchagua sura ya kuanzia, kwa hiyo hata ukipoteza ulichohifadhi hutarudi mwanzo kabisa.

Sura ya kwanza: tembea

Hapa ndipo watu wanapoachia njiani, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Unaamka kutoka kwenye ndoto mbaya, kitandani kando ya Don. Mchezaji mwenye pupa huteremka ngazi mara moja kutafuta fumbo. Wewe anza na chumba cha kulala. Gusa kila kinachogusika. Nenda chumba kwa chumba, ghorofa kwa ghorofa, ukijua kwamba sehemu kubwa ya unachokiona haitakupa kitu cha kuweka kishimoni. Inakupa jumba lilivyo wakati bado kuna amani. Utakuta mashine ya mtabiri ambayo hutoa bahati yako ukiitumia. Itumie sasa, kisha uirudie kila sura.

Tafuta Don alipo. Anajiandalia chumba cha giza cha kusafishia picha zake. Zungumza naye. Katika sura hii ni mume wa kawaida: anatania, anabusu, anamtuma mkewe dukani akamnunulie dawa ya kuzibulia bomba. Msikilize sauti na umtazame usoni. Huu ndio uso utakaoulinganisha na nyingine zote zitakazofuata, na ukiuruka hapa, sura zinazokuja zitakuwa video za mtu mwenye hasira tu.

Kisha toka nje, ingia kwenye gari, nenda mjini. Mji ni mdogo: duka la vitu vya kila siku, duka la vitu vya kale, ofisi ya wakala wa nyumba. Nunua ile dawa. Ongea na kila mtu hadi waishiwe maneno. Mwenye duka la vitu vya kale, Lou Ann, atakuwa na maana baadaye.

Ukirudi, elekea maktaba ya jumba. Hapo ndipo fumbo kubwa la sura lilipo, na nitakudokezea tu: lichunguze meko, na ukumbuke kwamba kisu cha kufungulia bahasha kinaweza kukwangua zaidi ya karatasi. Nyuma ya meko kuna kanisa dogo lililozibwa kwa matofali. Ukishafungua kilichomo ndani yake, kazi ya sura ya kwanza imekwisha na amani ya nyumba imekwisha nayo.

Huenda ukaona Adrienne anatembea kama mtu aliyebandikwa juu ya picha. Ni kweli amebandikwa. Victoria Morsell, aliyemwigiza, alipigwa picha studio mbele ya ukuta wa buluu, na jumba lote likachorwa kwa kompyuta na kuwekwa nyuma yake. Sierra walijenga studio yao wenyewe Oakhurst, California, kwa ajili ya kazi hii, wakampa uongozaji Peter Maris, na upigaji wa picha ukachukua zaidi ya miezi minne. Mwongozo wa maandishi ulifikia kurasa zipatazo 550, ilhali ule wa filamu ya kawaida huwa na kurasa kama 120, kwa sababu kila chumba kililazimika kuandikiwa kila jambo ambalo mchezaji angeweza kulifanya humo. Gharama zilifika kama dola milioni 4.5. Ukilijua hilo, kule kufungua droo tupu hakukuudhi tena: mtu aliigiza, mwingine alipiga picha, na mwingine aliichora droo hiyo ili wewe upate kuifungua.

Sura ya pili hadi ya sita

Cheza sura moja kwa usiku mmoja. Kila sura ilikuwa na CD yake, nayo ina mwanzo na mwisho wake kama kipindi cha tamthilia. Ukizichanganya mbili, ya pili utaicheza umechoka.

Kila sura ikianza, fanya mzunguko huu: vyumba vya juu, vyumba vya chini, nje, mjini, kisha rudi nyumbani. Vitu hubadilika kati ya sura moja na nyingine bila kukupigia kelele. Mlango uliokuwa umefungwa unafunguka. Kioo kinaonyesha kisichokuwepo jana. Ukiingia chumba ambako mke mmoja wa Carno alifia, Adrienne huona kilichotokea. Ziko njozi tano, moja kwa kila mke: Hortencia, Victoria, Leonora, Regina na Marie. Hizi ndizo sehemu kali zaidi za gemu kwa damu. Usizitazame unapokula.

Ghalani utakutana na Harriet na mwanawe Cyrus, watu wasio na makazi waliojificha kwenye mali hiyo. Wapokee vizuri, wana kazi katika hadithi. Mjini, kupitia Lou Ann, utafika kwa mzee Malcolm, mwenye umri wa zaidi ya miaka mia, aliyelifahamu jumba hilo akiwa mtoto. Ukifika kwake, kaa umsikilize hadi mwisho na usibofye chochote. Anachokueleza ndicho utakachokihitaji sura ya saba, na fuvu jekundu halitakuwa na muda wa kukusaidia wakati huo.

Na kila sura, mtafute Don. Ni rahisi kumkwepa, maana mafumbo mengi hayamhitaji. Mtafute vivyo hivyo. Mtazame anavyojibu swali lile lile alilojibu jana kwa tabasamu. Anaomba radhi, halafu anafoka. Anajifungia chumba cha giza. David Homb, aliyemwigiza, anazidisha sehemu fulani, hilo sikatai, lakini yale matukio madogo ya mezani na mlangoni ameyaigiza vizuri kuliko alivyowahi kusifiwa. Tukio nililolitaja mwanzo limo katika kipande hiki. Kitufe cha kurukia mbele kipo, na hapo kina matumizi ya haki kabisa.

Sura ya saba

Hapa sheria zinabadilika. Sura sita umetembea utakavyo. Sasa unakimbizwa, na kwa mara ya kwanza Adrienne anaweza kufa mikononi mwako. Kabla ya kuianza, hifadhi. Pitia vishimo vyako na uangalie kila kitu kwa lile jicho, hata vile vilivyoonekana vya kijinga ulipoviokota. Kimoja kati ya hivyo kitakuokoa mahali ambapo hakuna mlango wala silaha. Fikiria ni kitu gani kingeweza kumrudishia mtu kumbukumbu ya siku za furaha.

Unapokimbizwa usisimame kutazama picha. Unapewa sekunde chache za kubofya, na ukikawia video ya kifo inaanza yenyewe. Hukupoteza mengi; unarudishwa karibu na hapo ulipokosea. Mara nyingi kosa huwa ni kukimbilia mlango ulio karibu. Jumba unalijua sasa, ulilitembea chumba kwa chumba ile siku ya kwanza, na njia za kujificha ulizipitia wakati hazikuwa na maana yoyote. Zikumbuke.

Sehemu ya mwisho inahitaji vitu vitumike kwa mpangilio alioueleza mzee Malcolm. Uandike kwenye karatasi ukiwa bado kwake. Usipoandika, utafia hapo mara tatu nne, kama nilivyofia mimi.

Ukimaliza

Acha jina la mwisho lipite, muziki uishe, kisha zima. Siku nyingine, ukitaka kuendelea, iko Phantasmagoria: A Puzzle of Flesh ya mwaka 1996, iliyobuniwa na Lorelei Shannon. Hadithi yake haihusiani na hii, mhusika ni mwanamume anayeitwa Curtis, na onyo la umri ni lile lile. Mimi ningekutuma kwanza kwa The Beast Within ya Jane Jensen, iliyotoka mwaka 1995 kama Phantasmagoria ya kwanza, CD sita, hadithi yake ikitokea Ujerumani: ina damu kidogo na uchunguzi mwingi, na mafumbo yake ni magumu kuliko ya hapa. Zote mbili zinafunguka kwa ScummVM ile ile uliyokwisha kuisakinisha, kwa hatua zile zile za folda.